Sufu Isiyojua Imenyolewa

Saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Kiberiti alikuwa ameinamia meza yake, akivuta uzi kutoka kwenye pindo la sweta kuukuu. Aliuvuta polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Ulipofika urefu wa mkono aliukata, akafumua msokoto wake, akahesabu: nyuzi tatu. Akauzungusha kwenye rula ya mbao, mzunguko ukigusana na mzunguko, akahesabu tena. Kisha akawasha kijiti cha kiberiti. Uzi ukanyauka, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ukaacha majivu meusi yaliyopukutika alipoyagusa.

"Sufu tupu," alimwambia mteja. "Nailoni ingejikunja ikawa kama shanga. Pamba ingenuka karatasi. Aliyekuambia hii ni mchanganyiko amekudanganya."

"Aliyeniambia ni mke wangu."

"Basi hajakudanganya. Amekosea."

Mteja, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alitafakari kidogo. "Nikamwambie hivyo?"

"Usimwambie. Mpelekee uzi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu walifukua masanduku ya bibi zao wakakuta vijitabu vya kufumia masweta, vilivyochapwa zamani, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila kijitabu kilitaja uzi kwa jina: Alfajiri, Laini Namba Mbili, Kifaranga. Viwanda vilivyotengeneza nyuzi hizo vilikwisha kufungwa na wenyewe wakafa. Ukifuma kwa uzi usiofaa, sweta la mtoto linamwenea baba yake. Kwa hiyo watu waliviingiza vijitabu mfukoni na kuja kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda, dirisha la pili baada ya stoo, wakamwuliza Kiberiti uzi wa leo unaolingana na ule wa jana.

Miaka kumi na moja hakuwahi kukosea hata mara moja. Alilijua hilo, na hakulificha. Kila kazi aliimaliza kwa kadi: unene, idadi ya nyuzi, upande wa msokoto, aina, na mstari wa mwisho, Chanzo, ambapo aliandika uzi ulitoka kwa mnyama gani, wapi, mikononi mwa nani. Watambuzi wengine waliuacha mstari huo wazi. Yeye alisema kadi isiyo na chanzo ni umbeya ulioandikwa kwa wino.

Mzee wa posta alipoondoka, Meneja aliingia bila kubisha, kijitabu mkononi. Alikuwa kijana wa shati lililonyooshwa vizuri, mjukuu wa yule aliyeanzisha kiwanda, na aliwaita wafanyakazi wote familia.

"Dada yangu," alisema, "kiwanda kinatimiza miaka hamsini. Tunalirudisha Namba Kumi na Saba."

Kiberiti alilijua. Kila mtu alilijua. Namba Kumi na Saba ndilo sweta lililokijengea kiwanda jina, na moja lilikuwa limening'inizwa mapokezi ndani ya kabati la kioo, lile lile alilolivaa Mwasisi kwenye picha. Uzi wake Mwasisi aliuchanganya mwenyewe, mlango umefungwa kwa komeo, na alikufa bila kumwambia mtu. Kijitabu kiliuita Uzi wa Mwasisi tu, na chini yake: sufu ya daraja la kwanza kutoka mashamba teule.

"Nipe sweta la kwenye kioo," alisema Kiberiti. "Uzi mmoja tu."

"Lile haliguswi. Ni la babu."

"Basi nitatambua nini? Picha?"

"Watu wanasema wewe unaweza." Meneja alitabasamu. "Au wanakusifia bure?"

Alijua pa kumgusa. Kiberiti alikichukua kijitabu.

Maelekezo yalikuwa wazi kama yalivyo maelekezo ya watu wa zamani. Vitanzi ishirini na vinane kwa kila sentimita kumi, sindano nyembamba, mabega yafumwe mwisho. Mstari mmoja tu ulikuwa wa ajabu, ule wa mwisho kabisa: Baada ya kila wiki mbili, punguza kwa mkasi. Wote waliowahi kukipitia kijitabu walikubaliana kwamba mchapaji alichanganya kurasa, kwa sababu mashine hiyo hiyo ilichapa pia kijitabu cha kutunza bustani.

Wiki nzima Kiberiti alijaribu nyuzi kumi na moja. Alifuma vipande vidogo vya mraba, akaviosha, akavikausha, akavipima. Mmoja ulikuwa mnene mno. Mwingine ulitoa vitanzi ishirini na vinane lakini kitambaa kikalala kama ulimi wa mgonjwa. Wa kumi na moja ulikuwa wa daraja la kwanza kabisa, mweupe, laini, wa kumvalisha bwana harusi, nao ulianguka vibaya kuliko zote. Hakuna aliyemwona akipiga meza, lakini mtunza stoo, kupitia ukuta, alisikia.

Jumamosi alipanda gari la maziwa kwenda kumwona mama yake.

Mama alikaa mteremko wa juu, penye kisima, na kondoo arobaini na mmoja. Kiberiti alimkuta uani. Alikuwa amemaliza kunyoa kondoo, sasa alikuwa ananyoa blanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika pembe hiyo, livute. Limekuwa zito, jana nimeota nimelaliwa na ng'ombe."

Kiberiti alishika pembe. Mkasi mkubwa wa chuma ulipita juu ya blanketi, kwacha kwacha, na sufu mpya ikaanguka chini kwa vipande. Hivyo ndivyo alivyokulia. Kondoo wa mama yake walitokana na majike watano wa bibi yake, na sufu yao haikuacha kuota kwa sababu tu imekatwa. Iliendelea kwenye blanketi, iliendelea kwenye soksi. Utotoni aliwahi kwenda shule na kofia iliyomfunika macho ilipofika saa sita. Kondoo wa majirani walikuwa na sufu ya kawaida. Hii ya kwao watu wa mteremkoni waliiita sufu isiyojua imenyolewa, na walisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anavyosema kisima cha fulani kina maji ya chumvi.

Kiwandani haikuitwa hivyo. Mkaguzi wa kiwanda alikuja kila msimu kwenye lango la chini la malisho, akatia mkono katika kila bunda, akaandika daraja. Ya mama ilikuwa Nne, na Nne ndilo la mwisho. Fomu ilikuwa na sehemu ya kasoro, naye aliijaza kwa mwandiko mzuri: Mbegu za magugu. Kinyesi. Inaota. Sufu ya Nne ilipelekwa kujazia magodoro ya nyumba za kupanga kule mjini, na katika nyumba hizo vitanda vilizidi kwenda juu mwaka hadi mwaka, wapangaji wakawa wanapandia stuli na kushukia stuli.

"Barua imekuja," alisema mama, macho kwenye mkasi. "Iko chini ya kikombe."

Kiberiti aliisoma. Ilikuwa fupi. Misimu miwili mfululizo daraja la Nne. Malisho yalikuwa ya kampuni yenye kiwanda, na sharti jipya, la misimu miwili sasa, lilijulikana: anayetoa Nne misimu mitatu huondoka, na kondoo hubaki, kufidia majani waliyokwisha kula.

"Mama, unavyoyakunja mabunda. Nimekwambia. Unaweka uchafu nje, safi ndani. Yeye anatia mkono juu juu, anakuta miiba."

"Safi ni ya mvaaji. Nje ni ya mvua. Bibi yako alikunja hivyo."

"Kunja upande wa pili mara moja tu."

"Nilikunja msimu uliopita." Mama aliligeuza blanketi. "Akatia mkono hadi kwapani, akautoa mwiba kutoka katikati. Mtu anayetafuta mwiba, mwanangu, hata kwenye yai atauona."

Kiberiti alishika pembe nyingine, akalivuta.

"Yule mzee wao wa kwanza alikuwa na adabu," mama alisema. "Alikuja mwenyewe kwa miguu. Alichukua ya bibi yako yote, akaipakia kwenye gari lake. Akasema ni ya kujazia viti. Wakati huo madaraja yalikuwa matatu. Yeye ndiye aliyeongeza la nne, siku ile ile aliyoiona sufu yetu."

Kiberiti aliinua kichwa. "Aliongeza kwa ajili yetu?"

"Kwa ajili ya nani tena? Sisi hatukuona ubaya. Tulidhani nne ni nyingi kuliko tatu."

Kiberiti aliondoka na bunda moja lililokataliwa, namba mia mbili na kumi na mbili.

Lilikuwa baya kweli, hilo halina ubishi. Tumboni sufu ilikuwa imeshikana kama mkeka. Nyuma ilikuwa na vinundu vya kinyesi vigumu kama kokoto. Kulikuwa na mbegu za magugu zenye ndoana, na katikati ya nywele laini zilikuwamo nyingine nene, nyeupe, kavu, zisizoshika rangi. Mtu wa kiwanda angechambua hizo nene na kuzitupa. Kiberiti naye alikuwa mtu wa kiwanda, na kwa siku mbili alichambua. Uzi aliousokota ukawa mzuri, na kipande kikatoa vitanzi thelathini na kimoja.

Siku ya tatu alifanya kama mama yake alivyofanya siku zote. Aliloweka sufu kwenye maji ya vuguvugu bila kuisugua, akatoa kinyesi, akatoa mbegu, akaacha kila kitu kingine. Nene kwa laini, ya bega kwa ya tumbo, aliichana pamoja na kuisokota pamoja, nyuzi tatu, msokoto wa kushoto. Akafuma kipande cha mraba. Akaweka rula.

Ishirini na vinane.

Kitambaa kilisimama chenyewe mezani kama mtu aliyeitwa jina. Asubuhi yake, Ijumaa, alikikuta kimeota manyoya urefu wa punje ya mchele. Alichukua kijitabu, akausoma tena mstari wa mwisho, ule wa mkasi. Kisha akatoka kwenda mapokezi.

Ilikuwa saa ya chakula, mapokezi hapakuwa na mtu ila mfagizi, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Kabati la kioo lilikuwa wazi. Shangazi alikuwa amelipakata sweta la Mwasisi, akilipunguza mkono wa kulia kwa mkasi wa kushonea.

"Shangazi, hilo si haliguswi?"

"Haliguswi na nyinyi." Shangazi alipuliza vumbi la sufu. "Mimi ni kazi yangu. Nisipolikata Ijumaa, Jumatatu limejaa kabati, mlango haufungi."

"Tangu lini?"

"Tangu nimeanza. Miaka kumi na tisa. Kwani wewe hukujua? Na huo utambuzi wako wote?"

"Na unachokikata?"

"Nimejaza mito. Kwangu mgeni akilala hataki kuondoka, shemeji yangu yuko mwezi wa nne sasa."

Kiberiti aliomba uzi mmoja tu kutoka kwenye pindo. Shangazi akamkatia pale pale, kama anayemkatia mtu ukucha. Nyuzi tatu. Msokoto wa kushoto. Nene kwa laini. Alipouchoma ulinuka nywele zilizoungua na, chini ya harufu hiyo, nyasi za mteremko wa juu.

Alikaa mezani akaandika kadi. Hakuwahi kuandika kadi kwa furaha ya namna ile. Ubongo wake ulikwisha kutangulia mbele: Namba Kumi na Saba ni sufu ya mama. Iliyosifiwa miaka hamsini kuwa ya daraja la kwanza ni ile ile iliyogongwa mhuri wa Nne miaka hamsini. Mtu hawezi kuweka vitu viwili hivyo kwenye meza moja halafu akaandika Nne tena. Aliandika unene, nyuzi, msokoto. Aliandika aina: sufu inayoota. Akafika kwenye Chanzo, na mkono haukusita. Bunda namba mia mbili na kumi na mbili. Kondoo arobaini na mmoja, uzao wa majike watano, hakuna wengine popote. Mteremko wa juu, penye kisima. Mfugaji: mama yangu.

Meneja aliisoma ofisini kwake, ghorofani, akiwa amesimama. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia gotini, mtu mtulivu mwenye kucha safi. Meneja alipomaliza alimpa kadi, naye akaisoma. Kiberiti akaweka kipande chake mezani, kikiwa kimeota urefu wa punje mbili.

"Vizuri sana," alisema Meneja. "Kweli hawakukusifia bure. Hata kisima umekitaja."

"Kadi isiyo na chanzo—"

"Najua, najua. Babu alikuwa na daftari lake, likaliwa na mchwa. Tulikuwa tunajua ni sufu inayoota, hilo Shangazi anatukumbusha kila Ijumaa. Tulikuwa hatujui ni kundi la nani. Huko juu kuna wafugaji tisini, na mzigo wa Nne wote unamwagwa rundo moja. Rundo zima linafura. Utajuaje ni ya nani inayofura?"

Kiberiti alimwangalia Mkaguzi. "Wewe ulikuwa unajua. Unaandika inaota, kwa mkono wako."

"Naandika kasoro za bunda," alisema Mkaguzi. "Fomu haina nafasi ya jina. Nikishapiga mhuri nimelisahau."

"Basi sasa hakuna kusahau. Ni daraja la kwanza. Kijitabu chenu kinasema hivyo."

"Kijitabu kinazungumzia uzi," alisema Mkaguzi kwa upole. "Mimi nakagua sufu."

"Uzi unatoka wapi, kama si kwenye sufu?"

Mkaguzi aliigeuza kofia gotini. Meneja alikuwa amegeukia kalenda iliyoning'inia ukutani. "Msimu wa tatu ni lini?"

"Jumatatu," alisema Mkaguzi.

Meneja alimshika Kiberiti bega. "Dada yangu, umeifanyia familia jambo kubwa."

Aliteremka ngazi akiwa bado anaamini. Alikuwa mtu wa vipimo, na watu wa vipimo hudhani rula ikishasema hakuna wa kubisha. Ni katikati ya ngazi ndipo alipoelewa kwa nini Meneja aliuliza msimu wa tatu ni lini, akakaa chini pale pale, na watu wakampita kushoto na kulia wakienda zao. Alirudi juu mbio kuidai kadi. Katibu akamwambia imeshawekwa kwenye faili.

Jumatatu alikuwa kwenye lango la chini kabla ya wafugaji. Lori la kampuni, lile la kubebea mifugo, lilikuwa limekwisha kuegeshwa, milango ya nyuma wazi, ndani pametandikwa majani mapya. Ukaguzi ulikuwa haujaanza.

Mama yake alifika katikati ya foleni na mabunda yake kwenye mkokoteni. Alikuwa ameyaosha. Usiku na mchana wa siku tatu aliyatoa mbegu moja moja kwa vidole, na vidole vilikuwa vimevimba. Aliyakunja kama bibi alivyokunja.

"Mama, turudi nyumbani," alisema Kiberiti. "Usiyatoe. Sema unaumwa."

"Nisipotoa ni Nne vilevile. Nani alikupiga, mbona uso hivyo?"

"Nimewaandikia. Kundi, kisima, kila kitu. Nilidhani..."

Mama alimtazama kwa muda. Si kwa hasira. Alimtazama kama anavyomtazama kondoo anayeanza kuchechemea, akitafuta ni mguu upi.

"Uliandika ukweli?"

"Ndiyo."

"Basi ni kosa letu wote wawili," alisema mama. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Mkaguzi alitia mkono kwenye bunda la kwanza. Aliutoa mtupu. Akautia tena, akazunguka nao humo ndani bila haraka, na alipoutoa hapakuwa na mwiba, hapakuwa na mbegu. Watu wa foleni walinyoosha shingo. Mkaguzi aliangalia mkono wake mtupu, kisha akaangalia bunda, ambalo katika muda huo lilikuwa limefura na kusukuma kamba.

"Inaota," alisema, akaandika. Akagonga mhuri. Nne.

Kiberiti aliushika mkono wenye mhuri. "Usitie jina lako kwenye uongo huu."

"Mimi siandiki jina, dada," alisema Mkaguzi, akiutoa mkono wake taratibu. "Naandika namba."

Mfugaji mmoja nyuma akasema, "Achia foleni iende, na sisi tuna kwetu." Hakusema kwa ubaya. Na yeye alikuwa na Nne mbili.

Kondoo arobaini na mmoja waliteremshwa kutoka penye kisima, wakaingia lorini kabla ya saa sita. Walipanda bila kusukumwa, kwa sababu mama alitangulia kuwaita, ili wasipigwe.

Mama alihamia mjini, chumbani kwa Kiberiti, na mkasi wake na blanketi. Blanketi halikutajwa kwenye sharti. Wiki mbili za kwanza hakutoka nje. Alikaa dirishani, akaangalia ukuta wa jirani kama mtu anayesubiri uondoke. Kiberiti naye aliandika barua tatu kwa Meneja, ya kwanza kurasa sita, ya tatu mstari mmoja, na zote zilijibiwa kwa shukrani. Kadi mpya zilipochapwa hazikuwa na mstari wa Chanzo.

Namba Kumi na Saba lilitoka wakati wa sherehe za miaka hamsini, na watu walipanga foleni hadi barabarani. Lebo ilisema kama zamani: sufu ya daraja la kwanza kutoka mashamba teule. Kiberiti, aliyewekwa kaunta kwa siku hizo kwa sababu anajua kueleza, alieleza. Alimwambia kila mteja. Kwamba sufu hii imepigwa mhuri wa mwisho misimu yote, kwamba mwenye kondoo amenyang'anywa, kwamba mwenye kondoo ni mama yake na yuko chumba cha tatu barabara ya pili, wakitaka wakamwulize. Hakunong'ona. Sauti yake ilifika hadi kwa Meneja, aliyekuwa mlangoni akisalimiana na watu, naye hakumzuia.

"Ala, pole sana," alisema mwanamke mmoja, na alimaanisha. Aliligeuza sweta huku na huku. "La bluu lipo?"

Baada ya wiki mbili masweta yalianza kurudi, yameota. Hakuna aliyelalamika. Maelekezo yalisema punguza kwa mkasi, na watu walitaka kujua wapunguze vipi wasije wakakata kitanzi. Mafundi wawili wa kiwanda walijaribu wakatoboa. Ndipo Meneja alipokuja mwenyewe chumba cha tatu barabara ya pili, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo mama, na akasema familia inamhitaji.

"Usiende," alisema Kiberiti. "Mama, usithubutu. Heri tule mchanga."

"Nitapata kuwagusa," alisema mama, akachukua mkasi.

Sasa ana kiti karibu na dirisha la duka, na taa yake. Wateja husimama mbele yake wakiwa wamevaa masweta yao, mikono imenyooshwa, naye hukata kwacha kwacha bila kukosea. Sufu inayoanguka hutiwa kwenye gunia, na Alhamisi Mkaguzi hupita, hutia mkono, hugonga mhuri. Ni ule ule. Mama huinua miguu ili gunia liburutwe.

Kiberiti huja kumchukua saa kumi na moja jioni. Juzi alimkuta akimhudumia mteja wa mwisho, bwana mmoja mnene mwenye haraka, mwenye funguo za gari mkononi. Mkasi ulikuwa umesimama. Mama alikuwa amelishika sweta mgongoni, chini ya bega, akipitisha kidole gumba huku na huku mahali pamoja.

"Huyu wamemnyoa mara mbili msimu mmoja," alisema mama. "Na ana mimba. Anaona baridi."

"Mimi?" Bwana yule alicheka. "Wala, mama. Hili sweta lina joto vibaya mno, hadi natoka jasho."

"Nimesikia," alisema mama. "Nyoosha mkono."